Siku tano Nairobi na mgongo wa Baba

Tumerudi Likoni wiki mbili sasa. Haya nimeyakusanya kutoka daftarini, kwenye risiti zilizojaa mkobani na kwenye picha za simu, ambazo zaidi ya nusu ni za mifupa. Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Baba alikuwa kuli Kilindini enzi ambazo gunia bado lilibebwa na mtu, na tangu Ramadhani iliyopita kiuno kimemkamata, maumivu yanashuka paja la kushoto mpaka kwenye chafu ya mguu. Daktari wa huku akatuandikia barua tukamwone mtaalamu Nairobi. Mimi ni mwalimu wa biolojia, likizo ya Agosti ilikuwa imeanza, na ndugu zangu wakakubaliana haraka mno kwamba mwenye nafasi ni mimi.

Jumapili: Miritini hadi Pumwani

Tulivuka feri saa nne asubuhi kwa treni ya saa tisa alasiri kutoka stesheni ya Miritini, maana Baba haamini barabara. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu. Tiketi nilikata kwa simu siku nne kabla, nikalipa kwa M-Pesa.

Mwenye mgonjwa wa mgongo ajue haya: viti vya daraja la kawaida vinatazamana, na egemeo lake limesimama wima. Chukua kiti cha kando ya njia ili mgonjwa aweze kuinuka bila kuwarukia watu. Mizigo hupangwa chini ikanuswe na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine, kwa hiyo fika mapema na usimwachie mgonjwa kubeba kitu chochote. Chakula bebeni. Sisi tulikuwa na mahamri, mbaazi na chupa ya chai.

Baba alikaa mpaka Voi. Kuanzia hapo alisimama karibu na mlango, mkono mmoja kiunoni, na kijana aliyekuwa ameegemea pale akampisha bila kuambiwa. Baadaye akamletea na mto wake wa shingo, akamwonyesha jinsi ya kuuweka nyuma ya kiuno. Karibu na Mtito Andei kulikuwa na nyani juu ya tuta, watano au sita, wameketi wakilitazama treni kama wazee wa baraza. Mmoja akainuka, akaondoka taratibu kwa miguu minne, mgongo umenyooka kama ubao.

"Yule ana raha," Baba akasema. "Mzigo umegawanywa nguzo nne. Sisi umerundikwa kwenye mbili."

Niliandika maneno hayo papo hapo. Miaka kumi na mmoja nafundisha mifupa darasani na sijawahi kuieleza kwa ufupi namna hiyo.

Syokimau, stesheni ya Nairobi, tulifika usiku saa tatu kasoro. Baridi! Watu wa Pwani, bebeni sweta la kweli. Agosti ya Nairobi haina mzaha. Teksi mpaka kwa Shangazi, Majengo ya Pumwani, ilikuwa shilingi 1,200. Shangazi alikuwa ametupikia pilau, na chumba alichompa Baba kilikuwa na godoro jembamba juu ya mbao, kwa sababu alishaulizia kwa majirani mgonjwa wa kiuno alale wapi.

Jumatatu

Siku nzima tulikuwa hospitalini, na hospitali sitaitaja. Foleni tangu saa moja, mtaalamu saa sita. Alimlaza Baba chali, akainua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, na ulipofika kimo cha meza Baba akapiga ukelele uliosikika nje. "Diski," daktari akasema, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, akaandika MRI, picha ya ndani ya mwili. Chini kwenye picha tukaambiwa mashine imeharibika, turudi Jumatano alasiri. Kumwona mtaalamu shilingi 3,500, chai na mandazi kwenye kantini shilingi 120. Mandazi yalikuwa hayana iliki wala nazi. Baba aliyalalamikia kuliko mashine.

Jumanne: Museum Hill

Kwa kuwa siku ilikuwa tupu, nikamwambia Baba nitampeleka Makumbusho ya Taifa akaone mifupa ya watu wa kale. "Mimi mwenyewe ni mifupa ya watu wa kale," akanijibu, lakini akavaa kofia.

Kutoka Pumwani ni matatu moja mpaka mjini, halafu unachukua ya Westlands karibu na Odeon na kushuka Museum Hill. Nauli jumla shilingi 100 kwa mtu, asubuhi baada ya msongamano. Dereva alimweka Baba mbele, na kila tuta akalipanda polepole kama aliyebeba mayai. Makanga alining'inia nje ya mlango kwa mkono mmoja tangu Ngara, wa pili ukihesabu noti. Nilimtazama kwa jicho la kazini. Bega lile ni la sokwe. Tumbili kombe lake la bega limelala ubavuni, kifua chake ni chembamba na kimeshuka chini kama cha mbwa, hivyo mkono umepangiwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Sokwe na sisi makombe yetu yamehamia mgongoni, kifua ni bapa, mtulinga ni mrefu, mkono unazunguka mpaka juu ya kichwa. Mababu waliokuwa wakining'inia matawini ndio waliomwachia makanga urithi ule.

Kiingilio cha raia ni kidogo, ila hulipwa kwa simu, na mtandao pale langoni ulitugomea karibu dakika ishirini. Lipieni mapema. Nje kuna sanamu ya Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya watu wa kale, akiwa na jiwe la kale mkononi. Ndani ya ua kuna sanamu ya Ahmed, yule tembo wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na kufa mwaka 1974. Baba alimkumbuka vizuri. "Huyu alikuwa na askari wa serikali usiku na mchana. Mimi hata buti za kazi nilijinunulia."

Mwongozaji tuliyempata alikuwa kijana wa chuo, yuko kwenye mafunzo. Alipoona Baba anavyotembea, aliingia ofisini akatoka na kiti cha plastiki, akakibeba chumba hadi chumba kwa saa mbili. Kila kioo tuliposimama, kiti kiliwekwa chini. Nilitaka kumpa kitu mwishoni, akakataa, nikamlazimisha anywe soda.

Tulianza na mnyama wa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria. Fuvu lake Mary Leakey, mkewe Louis, alilipata mwaka 1948, na kwa miaka mingi aliitwa Prokonsuli; siku hizi wataalamu humwita Ekembo. Ana takriban miaka milioni 18. Mikono na miguu karibu urefu mmoja, akitembea juu ya matawi kwa viganja kama kima.

"Mkia wake uko wapi?" Baba akauliza.

Kijana akafurahi, maana hilo ndilo lenyewe. Hakuwa nao. Kima anao, tumbili anao, nyani anao. Sokwe, gorila na binadamu hawana. Mtoto akiwa tumboni, katika wiki za mwanzo, huota kimkia kisha kikapotea, na kinachobaki ni kifandugu, zile pingili ndogo zilizoungana mwisho wa uti wa mgongo. Baba aliwahi kuteleza kwenye ngazi ya meli akaangukia hapo, akashindwa kukaa mwezi mzima. "Kumbe niliangukia mkia," akasema.

Halafu akawa makini. "Lakini sikiza, mwanangu. Mimi ni mtoto wa Adamu, na Adamu aliumbwa kwa udongo."

"Na hawa wote, mzee," kijana akamjibu kwa adabu, "tumewatoa udongoni."

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. Hawakubishana zaidi. Kijana aliongeza tu kwamba hakuna anayesema mtu amezaliwa na tumbili wa leo, wala na sokwe wa leo. Sisi na sokwe mtu tuna babu mmoja wa miaka kama milioni sita au saba iliyopita, kila ukoo ukashika njia yake. Baba akasema kwa binamu wa mbali kiasi hicho hata arusi humwaliki.

Kwenye muundi, yaani mfupa wa mguu kati ya goti na kifundo, uliotoka Kanapoi kule Turkana, ndipo kuli alipomzidi mwalimu. Ni wa kiumbe anayeitwa Australopithecus anamensis, aliyeishi miaka zaidi ya milioni nne iliyopita. Jina limetokana na neno la Kiturkana lenye maana ya ziwa. Nilitaka kueleza kwa nini unaonyesha alitembea wima, nikachelewa. "Angalia kichwa cha mfupa kilivyotanuka," Baba alimwambia kijana. "Hiyo ni nguzo ya gati. Juu inapanuliwa ili ipokee uzito." Ndivyo hasa vitabu visemavyo: ncha nene za kupokea mshindo wa hatua, na shina la mfupa limesimama wima juu ya kifundo. Sokwe mtu muundi wake umeinamia nje, kwa hiyo akisimama kwa miguu miwili huyumba huku na huku kama mtu aliyeshuka mashua.

Tukafika kwa mvulana wa Turkana.

Kama hujawahi kumwona, nenda kwa ajili yake peke yake. Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa mtafutaji wa mabaki ya kale, aliona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ileile ya kokoto zilizokizunguka. Jicho la namna hiyo sijui hufundishwaje. Walipochimba walipata kiunzi cha mtoto karibu kizima, wa jamii ya Homo erectus, watu wa kale waliotutangulia, aliyekufa miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Meno yanaonyesha alikuwa na miaka minane au tisa, ila urefu wake ulikwisha kukaribia sentimita 160. Ubongo kama sentimita za ujazo 880: zaidi ya mara mbili ya wa sokwe mtu, na bado mbali na wetu, ambao ni kama 1,350. Kuanzia shingoni kwenda chini, ukimvika kanzu ukamsimamisha Digo Road, watu watamuuliza anatafuta nani. Miguu mirefu, mikono mifupi, nyonga yenye umbo la bakuli. Ya sokwe mtu ni ndefu na nyembamba kama pala za makasia, na imepanda mpaka karibu na mbavu.

Baba hakuangalia fuvu. Alisogeza kiti, akaanza kuhesabu pingili za kiuno kwa kidole hewani.

Hapo nikamweleza jambo nililokuwa nimelisoma na kulihifadhi tangu Jumatatu. Kima na nyani huwa na pingili kama saba za kiunoni, kiuno kirefu chenye kunyumbuka, cha kurukia. Sokwe mtu ana tatu au nne, zimebanwa kati ya mbavu na nyonga, hazipindi. Sisi tuna tano, na zimepinda kwenda mbele, ndipo kiwiliwili kikae juu ya miguu badala ya kuanguka kifudifudi. Upindo huo ndio unaotusimamisha, na huko chini kabisa ndiko mzigo wote unakotua. Mvulana huyu, zamani wataalamu walidhani alikuwa na mgongo uliopinda kando. Mwaka 2013 watafiti wa Zurich walizichunguza pingili zake upya na kutoa hoja nyingine: dalili ni za diski iliyochomoza alipoumia.

"Diski?" Baba akauliza. "Kama yangu?"

"Kama yako."

"Na umri wake ulisema?"

"Minane. Au tisa."

Akanyamaza. Kisha akavua kofia, akaiweka gotini. "Maskini. Na hakuna aliyemwambia alale kwenye mbao."

Tulikaa pale muda ambao daftari langu linasema dakika thelathini na tano. Wanafunzi wa shule ya msingi walipita mara mbili wakimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kioo, wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alimsalimia: "Shikamoo." Baba akaitikia marahaba.

Chakula tulikula Ngara, chapati na madondo, shilingi 130 kila sahani. Hapo sina lawama.

Jumatano: Karura asubuhi, mashine alasiri

Daktari alikuwa amesema kutembea polepole kunafaa kuliko kukaa, nami nilitaka Baba aone walio hai baada ya wafu. Matatu za Ruaka hupita Limuru Road na kukushusha karibu na lango la msitu. Msitu huu Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, na Baba alipokanyaga njia ya kwanza alisema tu, "Mama yule alikuwa na mgongo." Njia ni pana, za udongo mwekundu, hazina mawe mengi. Baada ya mvua vaa viatu vyenye meno.

Kima ndio waliotupokea, na hawakuwa na haya. Familia moja ilikuwa imeweka mandazi juu ya meza. Kima akashuka, akachukua mawili, akayasokomeza kwenye mifuko ya mashavu aliyoumbiwa kwa kazi hiyohiyo, akapanda mti akiwa mikono mitupu na uso umevimba. Usiwalishe, na mfuko wa chakula usiushike mkononi, wanaujua.

Mbega tulihangaika nao karibu saa nzima. Walihamishiwa Karura kutoka Kipipiri, upande wa Nyandarua, na hukaa juu sana. Mama mmoja aliyekuwa akikimbia alituona tumeinua shingo, akasimama, akaturudisha nyuma kama mita mia mbili mpaka chini ya mti wenyewe, kisha akaendelea na mbio zake. Walikuwa wanne, mabega yao yamefunikwa manyoya meupe kama shali. Mmoja aliruka. Kiuno kilijikunja, kikafyatuka, na mkia ukafuata nyuma kama utepe. Baba alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu Bandari walipokuwa wakifunga mabao.

Nilimpa simu aikuze picha atazame mikono. Mbega hana kidole gumba, pamebaki kinundu tu. Vidole vinne hushika tawi kama kulabu. Baba alitazama kidole gumba chake mwenyewe, kilichopinda kwa miaka ya kushika ndoano ya magunia. "Bila hiki," akasema, "nisingepata kazi." Nikamwongezea kwamba bila kazi ile asingekuwa na kiuno kile, akaniambia nisilete ujuaji msituni.

Alitembea karibu kilomita tatu siku ile, akipumzika mara nne. Wakimbiaji walitupita makundi kwa makundi, nami nikamwonyesha kano ya kisigino inavyovutika na kurudi kama mpira. Sokwe mtu yake ni fupi mno, wayo wake hauna upinde, na kidole chake kikubwa cha mguu kimetoka kando kushika tawi. Walipopimwa wakitembea kwenye mashine, binadamu alitumia takriban robo tu ya nishati aliyotumia sokwe mtu kwa mwendo ule. Mgongo umetugharimu, lakini hapa kwenye miguu tumefidiwa.

Alasiri mashine ilikuwa imepona. Shilingi 14,500, na dakika arobaini za kelele. Baba alitoka akisema ni kama kulala ndani ya injini ya meli.

Alhamisi

Majibu: diski iliyo chini ya pingili ya nne ya kiuno imechomoza na kubana neva, ya chini yake imechakaa. Hakuna upasuaji kwa sasa. Mazoezi ya fiziotherapia miezi mitatu, kutembea kila siku, asikae zaidi ya nusu saa mfululizo. Baba alimuuliza daktari kama amewahi kumwona mvulana wa Turkana. Daktari alidhani anaulizwa kuhusu mgonjwa wake, akasema hawezi kuzungumzia mambo ya wagonjwa wengine. Nilikohoa nikatazama dirishani.

Tulirudi na treni ya usiku ya saa nne. Shangazi alitupa gunia la viazi, ingawa tulimkatalia mara tatu. Njiani nikamsomea Baba utafiti mmoja wa mwaka 2015: walilinganisha pingili za watu wa kale na za sokwe mtu na orangutani, wakakuta watu wenye alama za diski kutoboa mfupa pingili zao zilifanana na za sokwe mtu zaidi ya zile za watu wenye migongo mizima zilivyofanana nazo.

"Kwa hiyo kati yetu sisi wawili," akasema, "sokwe ni mimi."

"Kidogo tu, Baba."

"Usimwambie mama yako."

Alisimama kila nusu saa kama alivyoagizwa, na kila aliposimama alimweleza jirani mpya habari za mvulana wa Nariokotome. Nilisikia umri wake ukishuka hadi miaka saba na ziwa likihamia Baringo. Sikusahihisha.

Miritini tulishuka kabla ya alfajiri. Usitoke nje kugombania gari saa hiyo. Kaa ndani mpaka kupambazuke, nauli hushuka. Kulipokucha, hamali kijana alikuja kwenye gunia, akainama kwa kiuno, miguu imenyooka, akalishika masikio.

"Wacha!" Baba akamwambia. "Chini kwa magoti. Lilete kifuani kwanza. Sasa inuka na miguu."

Kijana akafanya. Baba akamwambia aliweke chini, arudie. Alirudia mara mbili mpaka mzee akaridhika, na lilikuwa gunia la kilo ishirini tu. Nilimlipa shilingi 200, mia moja ya kubeba na mia moja ya muda wake.